Sahani Nyeupe za Kila Siku

3 Februari

Kasuku,

Huku sote wazima, isipokuwa sahani. Jana imekwenda nyingine, ya mwisho katika zile za maua ya buluu alizonunua Baba enzi za uhai wake. Kabatini tumebaki na mseto: mbili za bati, moja ya kioo yenye ufa, na moja ambayo naamini ni ya jirani ila sitaki kuuliza. Wiki iliyopita alikuja mteja wangu, yule mwalimu mkuu, kujaribu gauni lake. Chakula kilikuwa tayari, nikamkaribisha. Mwalimu wa watu akala kwenye bati, kijiko kinakwaruza mpaka meno yanauma. Niliona aibu.

Anayezivunja ni Mama. Nakuandikia barua kwa sababu simu ya humu ndani ni ya wote. Ikilia tu anauliza ni nani, ukimwambia ni Kasuku anataka spika, na mimi siwezi kukusimulia habari za Mama na mwenyewe amekaa pembeni yangu anamenya karanga. Hii nimempa dereva wa basi la mizigo. Majibu mpe huyohuyo, anapita hapa kila wiki na hana mdomo.

Sasa wewe umekaa kwenye stoo ya vyombo ya hoteli mpaka sahani unazijua kuliko unavyotujua sisi. Nichagulie. Nataka nyeupe tupu, zisizo na ua wala mstari wa dhahabu. Mama anasema sahani nyeupe haina pa kufichia uchafu, na kwa hilo sibishani naye. Ziwe za kila siku, za asubuhi, mchana na jioni, sio za kufungiwa kwenye kabati la vioo zikingoja wageni ambao hawaji. Na zisivunjike. Plastiki usilete. Nilinunua moja, Mama akaigeuza akaniuliza kama tumeanza kufuga mbwa.

Usianze maswali yako. Ni uzee tu, mikono haishiki kama zamani. Wala usianze kukumbuka ya Baba, maana nakujua. Wewe mtu akiangusha kijiko tayari unaliona jeneza.

Kazi ipo. Nina sare za shule na gauni la bibi harusi.

Dada yako

18 Februari

Dada,

Shikamoo. Na ya Mama ifikishe, usile njiani.

Nimecheka habari ya mwalimu mkuu kula kwenye bati, kisha nikaacha kucheka. Dada, mimi kukumbuka ya Baba sio kupenda. Baba alianza kwa kuangusha kikombe, tukamwambia ana haraka. Baadaye hakuweza kujifunga kifungo, na miaka minne ya mwisho wewe na Mama mlimlisha kwa kijiko mkono wake ukitetemeka mezani kana kwamba una mwenyewe mwingine. Mimi nilikuwa huku, najua. Ndiyo maana nauliza sana. Niliyakosa yale, sitaki kuyakosa na haya.

Haya, sahani. Umeniuliza mtu ambaye siku nzima hana mwingine wa kuongea naye ila sahani, kwa hiyo vumilia. Za udongo wa kawaida usizitamani. Zinapendeza dukani, lakini zikimeguka ukingo zinakunywa maji, na pale palipomeguka panageuka rangi kama jino bovu. Melamini haivunjiki, ila kisu kinaichora, mchuzi unaitia umanjano, na Mama ataiita plastiki hata ukiapa. Kuna za kioo kigumu cheupe, nyembamba, nyepesi, ukiangusha moja mara nyingi inadunda tu. Ila siku ikiamua kupasuka, utaokota vipande mpaka chini ya kitanda. Halafu kuna kauri ya hoteli. Hiyo imechomwa moto mkali mpaka imekuwa jiwe, ukingo wake mnene, na inavumilia mikono ya vijana wetu wa jikoni, ambao wanarusha vyombo kama wana ugomvi navyo.

Nimechagua kauri. Ni nzito, na uzito ndio nilioutaka. Mtu mwenye mikono dhaifu ukimpa sahani nyepesi, anaisukuma na kijiko bila kujua, inateleza mpaka mwisho wa meza na kwenda chini. Nzito inatulia pale ilipowekwa. Mama atakula kwa raha, hata mkono ukimsaliti sahani haitamsaliti. Nimezichagua mwenyewe moja moja, dazeni nzima, kila moja nikaigonga kwa kidole. Nzima inalia, yenye ufa inakohoa. Zilizokohoa nimeziacha.

Ila niambie kitu. Anazivunjia wapi, mezani au kwenye sinki? Na hospitali mmekwenda?

Wako,
Kasuku

9 Machi

Kasuku,

Zimefika, na hakuna hata moja iliyopata alama. Dereva alizishusha kwa heshima utafikiri anashusha mayai. Mama aliitoa ya kwanza kwenye magazeti, akaigonga kama ulivyosema wewe, ikalia, akacheka peke yake. Kisha akaiweka mezani tupu akaitazama. Akasema hii sasa ni sahani ya watu wenye akili timamu. Ujue hiyo kwake ni sifa kubwa, mimi sijawahi kuipata.

Ni nzito kweli. Ukibeba chache zenye chakula unajua umebeba kitu.

Unauliza mezani au kwenye sinki. Kote. Ukishajua itakusaidia nini? Hospitali hataki kusikia, na mimi siwezi kumfunga kamba mtu aliyenizaa. Yeye mwenyewe anasema ni mzima.

Sare za shule nimempa yule fundi wa mtaa wa pili azimalizie. Macho yangu yamechoka, sina lingine. Bibi harusi bado ninaye.

Usishangae mwandiko, nimeandikia mapajani.

Dada yako

24 Machi

Dada,

Barua yako nimeisoma hata dereva akaniuliza kuna msiba. Kurasa zako huwa ni tatu, hii ilikuwa nusu. Mambo ya kucheka umeyaweka mwanzo, halafu baada ya hapo umefunga mlango.

Basi nimeamua. Mama anakuja kukaa na mimi. Kwangu ni vyumba viwili, kimoja nilikuwa naweka maboksi, nimekitoa kila kitu, nimepaka rangi, dirisha linatazama uani na jua la asubuhi linaingia. Hospitali kubwa iko karibu, na daktari anayetibu wafanyakazi wa hoteli nimeshaongea naye. Amesema mtu anayeangusha vyombo hivyo asisubiri. Mwishoni mwa Aprili naomba ruhusa nije nimchukue.

Najua atakataa. Nyumba ile aliingia akiwa bibi harusi, na ukimtoa pale atasema tumemzika akiwa hai. Mwambie ni kwa muda. Wewe nawe pumzika, umemuuguza Baba, umemtunza Mama, na cherehani juu. Zamu yangu sasa. Ukikataa nitajua unanidharau tu, unadhani mtoto wa mwisho hajui kutunza mtu.

Kasuku

3 Aprili

Mwanangu,

Nimesikia unakuja kunichukua. Nimejua kwa sababu dada yako amezitoa nguo zangu kabatini anazikunja. Nilipomuuliza safari ya wapi akasema kwa Kasuku, Mama, kwa muda tu. Alikuwa amenipa mgongo.

Naandika mwenyewe. Macho yangu mazuri, mikono yangu mizuri, ni elimu tu iliyoishia darasa la nne, kwa hiyo soma taratibu. Dereva nimemwita dada yako akiwa bafuni.

Mimi sijavunja sahani. Katika maisha yangu nimevunja moja, siku niliposhikwa na uchungu wako, na hiyo nakudai wewe.

Anayezivunja ni dada yako. Ilianza mwaka juzi. Kikombe kwanza, tukacheka. Kisha mkasi ukawa unamponyoka. Kisha sahani, na wala hana haraka wala hasira. Anaishika vizuri, anaitazama, na inamtoka hivihivi. Siku moja kulikuwa na mteja sebuleni. Nikasikia kishindo jikoni, nikaingia, nikamkuta amesimama katikati ya vipande anautazama mkono wake. Alikuwa anautazama vile alivyokuwa akiutazama wa baba yenu. Mteja akauliza kwa sauti, kuna nini huko? Dada yako akajibu, ni Mama huyu, amevunja tena. Nikamwangalia, naye akaniangalia. Nikasema ndiyo, ni mimi, uzee huu.

Basi kuanzia hapo ikawa ni mimi. Hatujawahi kuliongea hata kwa fumbo. Ikianguka anasema Mama jamani, nami naenda kuchukua ufagio. Nilidhani namsaidia. Fundi ambaye mikono haishiki, nani atamletea kitambaa chake? Nikasema acha wamcheke mzee, mzee hatafuti wateja.

Ubaya ni kwamba na wewe ukaamini. Sahani ulizotuma ni nzuri, sina neno, lakini umezichagua kwa ajili ya anayekula. Mimi nakula tu. Anayezibeba, anayeziosha na kuzipanga juu kabatini ni yeye, na unajua hajawahi kuniruhusu kugusa sinki lake. Juzi alibeba nne kwa pamoja. Hazikuvunjika, ulisema kweli. Zilimwangukia mguuni. Kucha imekuwa nyeusi, anachechemea, wateja anawaambia amejikwaa kizingitini.

Lile gauni la bibi harusi nalo. Alijichoma sindano hakusikia. Akaendelea kushona, mimi ndiye niliyeona damu kwenye kitambaa cheupe nikamwambia, mwanangu, kidole chako. Akakaa chini akalia. Tangu tumzike baba yenu sijamwona akilia. Damu niliitoa kwa maji baridi na chumvi, lakini gauni alimpelekea fundi mwingine siku ileile.

Hatetemeki. Baba yenu alitetemeka, huyu mkono unakufa ganzi. Asubuhi akiamka anaukung'uta kama aliyenawa akakosa taulo. Akijua namwona anaacha.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimemshikia pazia wakati anaficha. Ukija kunichukua utambeba mzima umwache mgonjwa. Kama unataka kumwambia nimesema, mwambie. Atanifanya nini.

Mama yenu

12 Aprili

Dada,

Mama ameniambia. Siwezi kuzungukazunguka, jina mlinipa wenyewe.

Nimekasirika, na nitasema kwanza hasira ndipo niseme mengine. Ungeniacha nije na gari nimng'oe Mama kwenye nyumba yake? Ungesimama pale mlangoni unapunga mkono ule ule? Nilikaa nimepaka rangi chumba, nikijiona mtoto mwema, kumbe nilikuwa najiandaa kumwonea mzee wa watu. Kwa nini, Dada? Mimi ni nani kwako, mteja?

Hasira imekwisha. Sasa nasikitika, na hilo haliishi haraka.

Nimekosea sahani. Nilipima kila kitu, ukingo, uzito, mlio, nikasahau swali la kwanza ambalo hata mgeni wa stoo huwa namfundisha: nani ataibeba? Nakutumia zile za kioo kigumu, nyeupe vilevile, nyepesi, hata ukizishika zote hujachoka. Za kauri mwachie Mama, tena azioshe mwenyewe. Atafurahi. Miaka yote hiyo umemnyima sinki na yeye ndiye aliyekufundisha kuosha.

Sasa nisikilize. Hapa hotelini kuna mama mmoja wa chumba cha kufulia. Mwaka jana alianza kuangusha pasi. Vidole ganzi, asubuhi anakung'uta mkono hivyo hivyo. Alipokwenda kwa daktari, katika maswali aliyoulizwa kuna moja alilotusimulia sisi wote kwa sababu lilimshangaza: kidole kidogo cha mwisho nacho kimekufa ganzi, au ni vile vingine tu? Kwake kidogo kilikuwa kizima. Akatibiwa, leo anapiga pasi. Mimi sisemi na wewe ni hicho. Mimi si daktari, mimi ni mtu wa sahani. Nakuuliza tu, kidole chako kidogo kinasikia?

Baba alitetemeka, Dada. Wewe hutetemeki.

Siji kumchukua mtu. Ruhusa yangu ya Aprili nimeirudisha, wamenipa ya mwisho wa Juni, ndefu kidogo. Lakini usingoje Juni. Nenda.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Kwa hiyo Mama amesema. Nilimnunia siku kadhaa, naye hakujali, alikula akashiba akaniambia chumvi imezidi. Ukimnunia mtu asiyejali unachoka wewe.

Umeuliza wewe ni nani kwangu. Nitakujibu, ila usinijibu kwa maneno mengi.

Sikuogopa kufa. Ninyi mnadhani niliogopa kufa. Hukuwepo miaka ile, sikulaumu, kazi ilikuwa huko na pesa zako ndizo zilizomtibu. Ila hukuona. Kuna jioni moja Mama alikuwa anampozea Baba uji kijiko kwa kijiko, akadhani tumeangalia pembeni, akafuta machozi na pindo la gauni. Baba akaona. Akafunga mdomo akageukia ukutani, na kuanzia siku hiyo kila tonge lilikuwa la kubembeleza. Alikuwa hali chakula ili Mama asilie, na Mama alikuwa analia kwa sababu Baba hali. Mimi nilikuwa katikati yao na bakuli mkononi.

Mkono wangu ulipoanza, picha iliyonijia ni ile. Mama amenyanyuka kutoka kwa mume, anarudi kuketi mbele ya mtoto, anapoza kijiko. Nilisema hapana. Mama hatalisha watu wawili katika maisha haya. Ndiyo maana ulipoandika unamchukua, niliona Mungu amefungua njia. Nilizikunja nguo zake kwa furaha, mdogo wangu, huku nalia. Nilitaka aende kwako abaki akijua mimi ni mzima huku nashona. Kumlaumu kuhusu sahani, hilo lilinitoka siku moja tu mbele ya mteja, na akalipokea. Likawa deni, na nilishindwa kulirudisha.

Hiyo ndiyo sababu. Sio kwamba wewe ni mteja.

Kidole kidogo ni kizima. Baada ya barua yako nilikichoma kwa ncha ya sindano, kikauma mpaka nikaruka. Vya pembeni yake nikavichoma, kimya. Sijui maana yake, na ninaogopa kuanza kutumaini. Kuogopa nimeshakuzoea.

Jumatatu nakwenda hospitali. Nilimwambia Mama abaki, nikamkuta sebuleni ameshavaa viatu, na leo ni Ijumaa.

Dada yako

21 Mei

Mdogo wangu,

Sio ugonjwa wa Baba.

Nimeanza na hilo maana najua unasoma kwa kurukaruka. Daktari ni kijana mpole. Aliniuliza umeanza lini, nikasema miezi miwili hivi, na Mama pale kwenye kiti akasema mwaka juzi. Kijana akatutazama wote wawili, akaandika la Mama. Akanigonga hapa kwenye kifundo cha mkono kwa kidole chake, kidogo tu, nikasikia umeme mpaka kwenye ncha za vidole. Walinipima tena siku mbili kwa mashine. Kuna mshipa wa fahamu unapita hapo kwenye kifundo, umebanwa. Amesema kazi zinazokunja mkono siku nzima zinaweza kuuchosha, na mimi mkasi na cherehani nimevishika tangu nimemaliza shule.

Ungeniona, ungesema nimepewa habari mbaya. Nilikaa kama gunia. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo moja tu, na hilo halikuwepo.

Kisha akaishika hii nyama iliyo chini ya dole gumba, akaniambia nilinganishe mkono na mkono. Wa kulia imeisha, pamebonyea. Akasema ningekuja mwaka juzi ni kupasua kidogo, kushona, baada ya muda mfupi niko kazini. Sasa atapasua, ganzi itapungua, lakini nguvu ya dole gumba la kulia hawezi kuniahidi. Wa kushoto nao umeanza, ila umewahiwa, huo ataufanya baadaye.

Kwa hiyo nimekuwa naficha ugonjwa wa Baba, na ugonjwa huo sikuwa nao. Niliokuwa nao ukapata nafasi ya kula mkono wangu taratibu, bila mtu kuusumbua. Gauni za harusi basi tena. Labda pindo, labda vifungo, labda nifundishe. Nasema labda kwa sababu sitaki kusema neno lingine.

Tulitoka hospitali. Nilitaka Mama anigombeze, ningejisikia vizuri. Tulipofika kwenye geti akasimama kurekebisha kiatu, na bila kuniangalia akasema, mimi ndiye niliyekuwa naenda kuchukua ufagio. Nikamwambia Mama, yaishe. Akasema yameisha, ila nimeyasema.

Sahani za kioo ni nyepesi kweli. Nimeangusha moja, ikadunda mara mbili ikakaa. Sikumtaja mtu.

Dada yako

19 Juni

Mwanangu,

Naandika mimi kwa sababu dada yako hawezi. Wamempasua mkono wa kulia, umefungwa bandeji mpaka kwenye vidole, na wamemkataza kuutumia kwa sasa. Daktari anasema imekwenda vizuri. Ameamka asubuhi bila kuukung'uta, nimemchungulia.

Shida ni huo wa kushoto. Nao una ganzi yake, na hajawahi kuutumia kula. Siku ya kwanza alishika kijiko, kikageuka, wali ukamwagikia kifuani. Akasema hana njaa. Siku ya pili nikaleta supu kwenye bakuli nikidhani ni rahisi zaidi, ikamwagika yote. Akasema ameshiba, mtu ambaye hajala. Nikachukua kijiko mimi, nikakijaza, nikakipeleka. Akafunga mdomo, akageuza uso.

Niliujua ule uso. Nilikaa nao miaka minne.

Nakwambia ukweli, nilitoka nikaenda kusimama uani. Nilisema huyu nikimlazimisha nitamvunja, nikimwacha atalala na njaa. Niliomba uwepo, wewe una maneno. Kisha nikaona siwezi kukungoja mpaka mwisho wa mwezi na mtoto hajala.

Nikarudi. Nikapakua upya, chakula cha moto, nikaketi mbele yake magoti yakagusana. Machozi yalikuwa yananitoka, nikayaacha yatoke nikiwa namtazama usoni, sikuyafuta wala sikuyaficha. Nikamwambia, nisikilize. Baba yako nilimlisha nikijua ananiondokea. Kila kijiko nilikuwa namsindikiza. Wewe nakulisha nikijua utanyanyuka. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mimi ndiye niliyeketi kwenye yote mawili, kwa hiyo usinifundishe. Umenionea huruma bila kuniuliza, ukanificha, ukakunja nguo zangu. Nimekaa na njaa ya kukutunza tangu mwaka juzi. Fungua mdomo.

Alinitazama. Midomo ilikuwa inamcheza kama alipokuwa mdogo akitaka kulia mbele za watu. Nikakipeleka kijiko nikakishikilia pale, nikangoja, mkono wangu hautetemeki hata kidogo, nikataka auone.

Akafungua.

Alimaliza sahani yote, akaniambia niongeze.

Mama yenu